Waya Mrefu wa Ukweni

Gari langu la umeme lilifika Kitale likiwa mgongoni mwa lori, limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Kutoka Mombasa lisingeweza kujileta. Likishiba chaji lilikwenda kilomita sitini na kitu, barabara ikiwa tambarare na dereva akiwa na subira, kisha likataka kuchomekwa ukutani saa nane nzima kabla ya kwenda tena. Siku ya kwanza nilipolipitisha Tuwan, mtaa niliozaliwa, watu walitoka majumbani. Mzee mmoja fundi baiskeli aliinama nyuma yake, akatafuta, akainuka.

"Moshi unatokea wapi?"

"Halina moshi, mzee."

"Basi hilo si gari. Hiyo ni redio ya magurudumu."

Watoto waliliita Simu. Sikujali, na hata leo sijali. Ilikuwa mwishoni mwa muongo ule wa kwanza wa elfu mbili, wakati watu walipeleka simu dukani zikachajiwe, na mimi nilikuwa nachaji gari zima nyumbani kwangu. Nionyesheni mwingine aliyefanya hivyo Trans Nzoia.

Nasema haya bila aibu kwa sababu hakuna mtu aliyenishika mkono. Mama yangu aliuza sukuma wiki kando ya barabara. Niliondoka na begi moja, nikafika Uingereza, nikafua mashuka ya hospitali mchana na kusoma jioni kwa miaka minne, mpaka nikapata diploma ya umeme. Gari lile nililinunua kwa mama mmoja mkongwe aliyelitumia kwenda dukani na kanisani tu. Nililisafirisha ndani ya kontena pamoja na friji na magodoro. Niliporudi nilijenga nyumba nje kidogo ya mji, nikapitisha nyaya zote kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi aliyekuja kuomba kazi nilimpa chai, nikamrudisha kwao.

Kuchaji gari nyumbani si kuchomeka tu ukaenda zako. Mita yetu ilikuwa ile ya sahani inayozunguka. Nilikaa mbele yake na daftari gotini, nikahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi. Niliona kwamba betri hunywa kama mtu aliyetoka juani: mwanzoni hugugumia, katikati hunywa kwa adabu, na sehemu ile ya mwisho huinywa kwa kijiko. Saa tatu za kwanza zilijaza zaidi ya nusu. Saa mbili za mwisho ziliongeza kidogo sana, na nguvu nyingi ilitoka kama joto na mapovu ndani ya maji ya betri. Niliona pia kwamba umeme wetu haukuwa na nguvu ileile kutwa. Jioni majirani wakiwasha pasi na majiko, volti zilishuka na gari likashinda njaa. Alfajiri zilipanda tena. Kati ya uniti kumi zilizopita kwenye mita, kwa hesabu yangu, kama saba ndizo zilizonisogeza barabarani. Tatu zilipotea, na sikuweza kusema zote zilipotelea wapi.

Mwanyumba wangu angeweza kusema, lakini wakati huo nisingemuuliza hata njia ya kwenda msalani.

Yeye alioa dada mkubwa, mimi nikaoa mdogo. Alikuwa mtu wa Malakisi, mtoto wa mkulima wa tumbaku, aliyeacha shule darasa la saba. Pale sokoni alikuwa na chumba kimoja chenye rafu za mbao, na kwenye rafu zilijaa betri za magari ambazo watu wa vijijini walizileta kwa baiskeli zichajiwe, waende kuwasha televisheni na redio. Mshindani wake upande wa pili wa soko alikurudishia betri siku hiyohiyo. Mwanyumba alikaa nayo siku mbili. Na bado foleni ilikuwa kwake.

"Betri ukiilisha mbio inatapika," aliwaambia watu. "Na ikitapika mara nyingi inakufa."

Nilipoisikia kauli hiyo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Baadaye usingizini niliona kwamba ni sahihi, nikakasirika.

Kazi yake sikuionea wivu. Nitasema wazi kilichoniuma. Mimi nilioa nikiwa ng'ambo. Wazee wa upande wangu walikwenda Bungoma kwa niaba yangu, ng'ombe wakashushwa kwenye lori wote siku moja, nikatumiwa picha. Ng'ombe walifika, mimi sikufika. Na kwa watu wa mke wangu, mkwe ambaye hajakaribishwa ndani kwa sherehe yake mwenyewe havuki kizingiti cha mama mkwe. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha mpaka kichakani. Tena mkwe wa namna hiyo halali katika boma lile. Jua likizama uwe umeondoka, na ukikutwa na giza umeaibisha watu wote wawili, wewe na aliyekuzalia mke. Wazazi wangu walikuja Kitale kutoka upande wa Kati wakitafuta shamba, na kwetu mambo haya hayakuwa makali kiasi hicho. Niliyajifunza ukubwani, kama mtu anayejifunza sheria za barabarani, na niliyashika kuwashinda wenyewe.

Mwanyumba alishakaribishwa zamani. Aliingia na viatu. Alikaa kwenye kiti cha baba mkwe, akapewa chai kutoka jikoni, na mama mkwe alimwita "mwanangu". Kiti changu mimi kiliwekwa nje, karibu na lango, kando ya ua wa michongoma. Kuku akichinjwa, firigisi, fungu la mgeni wa heshima, ilikwenda ndani. Mtu wa darasa la saba alitafuna firigisi chini ya paa, na mimi niliyefanya mtihani kwa Kiingereza nikala mguu nje, nikifukuza nzi.

Basi Agosti moja baba mkwe akatuita wote wawili, Jumamosi, ili aitaje siku ya kunikaribisha ndani. Nilifurahi, ila sikutaka kufika kama mtu anayeomba. Nilitaka nifike na kitu ambacho mwanyumba hangeweza kukipata hata akichaji betri miaka mia.

"Si tukodi pikapu, baba watoto," mke wangu alisema. "Huko ni mbali kwa hii yako."

"Kilomita arobaini na tano. Nimepiga hesabu."

"Na kurudi?"

"Nitachaji hukohuko."

"Nyumbani kwa Mama?"

"Kwani umeme wa Mama una kasoro gani?"

Alinitazama kidogo, akaenda kutafuta kitambaa cha kichwa.

Hesabu yangu haikuwa ya kijinga. Kutoka Kitale kupita Kamukuywa hadi mbele ya Kimilili, barabara kwa jumla inateremka, kwa hiyo kwenda kungekula kidogo. Kurudi ndiko kupanda, na huko kungetaka betri iliyojaa au karibu kujaa. Tungefika saa nne asubuhi tukiwa tumebakiwa na theluthi au zaidi. Tukichomeka papo hapo, ifikapo saa kumi na moja jioni gari lingekuwa limeshiba, nasi tungeondoka jua likiwa bado juu, siku yangu imetajwa, watu wote wamesimama langoni wakilitazama likienda bila sauti. Picha hiyo niliichora kichwani wiki nzima.

Tulifika saa nne kasoro. Kitu cha kwanza nilichokiona ni pikapu ya mwanyumba, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, imeegeshwa ukutani chini ya dirisha la sebule. Soketi pekee ya nyumba nzima, ya plagi mbili, kila moja na swichi yake, ilikuwa nyuma ya dirisha hilo. Alikuwa ameshika mahali pangu hata kabla sijajua kwamba ni pangu.

Nikaegesha langoni. Kutoka hapo hadi dirishani zilikuwa kama hatua sabini. Nilikuwa nimebeba ekstensheni mbili kutoka ng'ambo, nyembamba, za kuchomekea televisheni au kikata nyasi, moja ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake la plastiki. Nikaziunganisha. Mke wangu akapitisha ncha dirishani, akaingia na kuchomeka, na gurudumu lenye waya uliobaki akaliweka ndani, nyuma ya kabati, ili mbuzi wasiutafune.

Mwanyumba akatoka jikoni akifuta mdomo.

"Mwanyumba! Karibu kwetu."

Kwetu. Nilimsalimia.

"Si tusukume hii ndogo mpaka hapa ukutani?" akasema. "Mimi nitatoa pikapu yangu, si shida."

"Hapa panatosha."

"Waya mrefu hivyo, bana! Umeme utafika kama umechoka."

Mashemeji wakacheka. Hata baba mkwe alicheka, ingawa aligeuza uso.

"Umeme hauchoki," nikasema. "Mimi nimeusomea."

"Sawa, mwalimu."

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Baba watoto, gari si mkwe. Gari linaweza kusogea."

Nikamwambia kwamba Mama hupita pale ukutani akienda jikoni, na gari la mkwe ni kama mkwe mwenyewe. Niliisema kwa uso wa mtu anayeheshimu mila, na nusu yake niliiamini. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka mikono ya mwanyumba iguse gari langu. Sikutaka aonekane akilisukuma, halafu wiki ijayo asimulie sokoni Malakisi jinsi alivyomsaidia mtu wa ng'ambo.

Kilichofuata naweza kukieleza kwa maneno machache. Waya mwembamba ukiwa mrefu huzuia umeme. Sehemu ya nguvu hugeuka joto humo njiani, volti zinazofika mwisho ni pungufu, na chaja hupokea kidogo kwa muda mrefu zaidi. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu hauwezi kupoa, kwa hiyo huko ndiko joto hujikusanya. Swali la namna hiyo lilikuja kwenye mtihani wangu wa mwisho, nami nikapata alama zote. Lakini siku ile sikuwa nafikiria waya. Nilikuwa nafikiria pikapu.

Baba mkwe alikuja kuketi nami, kwa heshima, kiti chake akikielekeza pembeni. Alikuwa karani wa zamani wa chama cha wakulima, mtu wa maneno machache yenye ncha.

"Linakula saa ngapi, hili lako?"

"Saa nane, Baba."

"Ng'ombe wangu pia anakula saa nane. Lakini yeye hunipa maziwa."

Nikacheka inavyostahili. Nikamweleza kwamba halinywi petroli, kwamba lina injini ndogo kuliko sufuria ya harusi, kwamba kule nilikotoka watu wanaliheshimu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tutaitaja siku yako kabla hujaondoka," akasema. "Ondoka jua likiwa juu, ili maneno yawe mazuri. Mtu akianza vibaya langoni, ndani tutamfanyia nini?"

Akainuka. Nilikuwa na siku nzima ya kuanza vizuri.

Saa sita na nusu hivi mwanyumba akaja tena kutoka ndani, safari hii bila kutabasamu.

"Mwanyumba, nilitaka kukwambia juu ya ile waya..."

"Waya wangu niachie mimi."

"Si mimi, ni Mama ame..."

"Mama ana neno na waya? Mwambie asiwe na wasiwasi. Ni wa Uingereza, umepimwa."

"Ati umepimwa." Akasimama kidogo, akapangusa mikono kwenye suruali. Ilikuwa na madoa meupe ya asidi. "Haya. Mimi nimeleta maneno, nimerudi nayo."

Akarudi ndani. Punde nikasikia kicheko, na sauti ya mama mkwe, ambayo niliijua kwa kuisikia kupitia ukutani tu, ikisema jambo refu katika lugha yao. Nilijua wananicheka. Chakula kilipokuja, ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji, nilikula haraka bila kuonja, nikimsubiri mtu yeyote atoke ndani anitazame vibaya.

Saa kumi nikaenda garini. Mshale wa chaji ulikuwa juu ya nusu kidogo tu. Nikagonga kioo kwa ukucha. Haukusogea. Nikatazama taa ndogo ya chaja: imezimika. Nikadhani umeme umepotea, maana huko hupotea wingu likitanda, lakini redio ya ndani ilikuwa ikiimba kwaya kwa sauti kubwa.

Nikamtuma mke wangu. Aliporudi hakunitazama.

"Mama alizima swichi."

"Lini?"

"Saa sita. Alisikia harufu ya mpira ukiungua nyuma ya kabati. Hilo gurudumu limeyeyuka upande mmoja, limeshikana na zulia."

"Na hakuna mtu aliyeniambia?"

"Mama hawezi kukuita, si unajua. Alimtuma shemeji."

Mwanyumba alikuwa amesimama mlangoni, bega moja ndani, moja nje. Angesema "nilikwambia", ningekuwa na pa kushika. Hakunipa hata hicho.

Nikapiga hesabu upya, papo hapo, kwa kidole juu ya vumbi la boneti. Jua lingezama baada ya saa mbili na nusu. Kwa chaji ile ningepanda mpaka Kamukuywa, labda mbele kidogo. Hata tukichomeka upya kwa waya mwingine, saa mbili zisingetosha kunifikisha Kitale. Ingebidi nisubiri mpaka saa tatu usiku, na hilo ndilo jambo moja ambalo sikuweza.

"Naondoka na kilichopo," nikasema.

"Ukizimikiwa Kamukuywa utalala ndani yake?" mke wangu akauliza.

"Nitaomba umeme dukani."

"Duka gani litakupa saa sita za soketi?"

Baba mkwe alikuwa amekuja. Alitazama gari, akatazama jua, akatazama mikono yake. Niliona kwamba siku yangu iko mdomoni mwake na haitoki.

Hapo ndipo mwanyumba alipotoka mlangoni.

"Si gari libaki," akasema. "Wewe ndiye hulali hapa, mwanyumba. Yeye anaweza. Yeye hajaoa mtu."

Watu wakacheka mpaka mashemeji wakashikana mabega. Na kicheko hicho, lazima nikiri, kilinitoa mahali pabaya, kwa sababu baba mkwe naye alicheka, na mtu anayecheka hafukuzi mtu. Mwanyumba akanyoosha mkono apewe ufunguo. Niliushika ufunguo ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikampa.

Akatoa pikapu. Yeye na mashemeji wawili wakasukuma gari langu, lile nililolibembeleza kutoka ng'ambo, wakaliweka ukutani chini ya dirisha. Kutoka nyuma ya pikapu alitoa waya wake mwenyewe, mnene kama kidole gumba, mfupi, ncha zake amezifunga kwa mpira wa baiskeli. Akaupitisha dirishani, akachomeka. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha: aliweka kiganja juu ya waya, akasubiri kama mtu anayempima mtoto homa. Akashika mahali pa pili. Akashika plagi.

"Iko baridi," akasema. "Sasa inaingia yote."

Nilisimama langoni nikitazama. Pale chini ya dirisha gari langu lilikuwa karibu na mama mkwe kuliko nilivyowahi kuwa. Lingelala huko, lingesikia mazungumzo ya jioni na harufu ya jikoni. Nililionea wivu gari langu mwenyewe, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

"Siku tutaitaja baadaye," baba mkwe akasema tuliposhikana mikono.

Mke wangu alibaki kwao. Mimi nikapanda pikapu, mwanyumba akanipeleka Kimilili nikatafute gari la kupanda. Jua lilikuwa bado juu ya Mlima Elgon, na nyuma yetu betri mbili za wateja ziligongana kila tulipopita shimo. Tulipokaribia mji ndipo akafungua mdomo.

"Pale langoni mimi nilikaa miaka mitano."

"Wewe?"

"Sikuwa na ng'ombe. Nilileta mmoja mmoja, kwa miguu, kutoka Malakisi. Wa tatu alikufa njiani nikaanza tena. Halafu wewe unaleta zako zote siku moja na lori, na hata mwenyewe hauko." Akabadilisha gia. "Siku hiyo sikula. Mke wangu aliniuliza ni malaria? Nikamwambia ndiyo."

Sitasema uongo. Maneno hayo yalinishibisha kuliko kuku wa siku ile. Nilijitahidi nisitabasamu, nikatazama nje dirishani mpaka tukafika stendi.

Jumatatu mchana gari langu liliingia lango langu Kitale bila sauti. Mwanyumba alikuwa usukani, mke wangu kando yake. Sikusalimia kwanza; niliinama kutazama mshale. Ulikuwa umebaki juu ya robo. Mimi, kwa njia ileile ya kupanda, nisingefika na robo hata siku moja, na nilijua hivyo kwa kuwa nilikuwa na daftari.

"Umefanyaje?"

"Jumamosi iliingia polepole mpaka asubuhi, Jumapili ikapumzika, nikaongeza kidogo usiku watu walipolala. Barabarani nikaja arobaini, arobaini. Sikukimbizana na mtu."

"Jumapili ikapumzika?"

Mke wangu akageuka kushusha mizigo. "Ilikwenda kanisani tu," akasema.

"Ni karibu," mwanyumba akaongeza haraka. "Hata kilomita mbili haifiki. Nilimpeleka Mama."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari langu, na gitaa la kwaya nyuma, na aliyemwendesha hakuwa mimi. Nikauliza alisema nini. Mke wangu alisema kwamba walipofika Mama alisema gari hili lina adabu, halipigi kelele mbele ya wazee.

Nilimkaribisha mwanyumba ndani. Alikunywa chai vikombe vitatu nyumbani kwangu, na hakuna mila ya kumzuia. Alipomaliza akaomba kuona ninavyochaji. Nikampeleka nyuma ya nyumba, mahali nilipojivunia kuliko sebule. Gari lilikuwa limechomekwa tayari. Akafuata kwa kiganja waya nilioupitisha mwenyewe kutoka kwenye mita kuzunguka nyumba nzima, maana sikutaka kutoboa ukuta wangu mpya. Katikati akasimama.

"Hata hii, mwanyumba," akasema taratibu. "Shika."

Nikashika. Ulikuwa vuguvugu kama kikombe. Nilikuwa nimepita pale kila siku na daftari langu, nikihesabu sahani ya mita, na sikuwahi kuweka mkono. Zile uniti tatu zisizojulikana zilipo, si zote, lakini sehemu yake nzuri, zilikuwa zikiupasha moto ukuta wangu wa nyuma. Akanipa ule waya wake mnene kama zawadi. Nikaukataa, nikashukuru. Kesho yake nikanunua wangu mjini, mnene kuliko wake, nikatoboa ukuta, na gari likaanza kushiba saa moja na nusu kabla ya wakati wa zamani. Sikumpigia kumwambia.

Alipokuwa akiondoka kwenda stendi ndipo alipokumbuka, au alijifanya kukumbuka, jambo alilotumwa.

"Baba mkwe ametaja siku. Desemba, Jumamosi ya kwanza. Anasema mtu aliyekubali kuacha gari lake ili asivunje mila ameanza vizuri."

Nilishika mlango. "Ni yeye aliyesema, au ni wewe uliyemwambia?"

"Tulikuwa tunazungumza," akasema, akatazama barabara. "Na kuingia, lazima ushikwe mkono na mkwe aliyetangulia. Kwa hiyo uje mapema, nisikungoje."

Desemba niliingia. Nilivaa suti. Mashemeji waliimba, mashangazi wakapiga vigelegele, na mwanyumba akanishika mkono mbele ya watu wote kama mtu anayevusha kipofu. Sikuupenda mkono ule. Lakini tulipovuka kizingiti, kutoka kwenye jua kali, ndani palikuwa na giza, na sikujua meza iko wapi wala viti vimekaaje. Yeye alijua. Nikaushika mpaka aliponikalisha.